Kengele Iliyozimika, Kisha Ikazimwa

Ripoti ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, kazi yangu ya kwanza ya kutafsiri kwa malipo. Ilihusu moto uliozuka usiku kwenye ghala. Niliipitia mara moja nikaona hakuna neno nisilolijua: "alarm", "guards", "contractor", "whistle", yote mepesi. Kamusi sikuifungua. Baada ya saa mbili na nusu nilikuwa nimeshaikabidhi kwa mhariri, mzee aliyeishi na lugha hizo mbili kwa miaka mingi kuliko umri wangu.

Aliirudisha siku hiyohiyo. Alikuwa amezungushia duara la wino mwekundu sentensi mbili za mwanzo, na pembeni ameandika: "Kijana, kengele ilizimika, kisha walinzi wakaizima. Waliizimaje?"

Kweli ndivyo nilivyokuwa nimeandika. Saa nane na dakika kumi usiku kengele ya moto ilizimika. Walinzi wakaizima bila kuangalia ndani yake. Kiingereza chake kilikuwa hivi: "The alarm went off at 2:10 a.m. The guards turned it off without looking into it." Saa niliigeuza sawasawa, jambo linalowashinda wengi. Kilichobaki karibu chote kilikuwa kinyume.

Nilimfuata mezani. "Shikamoo mzee. Kwani 'off' si kuzima?"

"Marahaba. Ya taa, ndiyo. Hii ni ya kengele. Anza na kiima."

Akachukua karatasi tupu, akaandika "go off" katikati, halafu akapanga viima kuizunguka. Kengele ikiwa ndiyo kiima, inalia. Bomu linalipuka. Bunduki inafyatuka. Taa zinazimika. Mtu anaondoka zake. Maziwa yanaharibika, na mtu aliyekuwa akipenda kahawa akiacha kuipenda, naye "goes off coffee". Hayo mawili ya mwisho utayasikia Uingereza zaidi kuliko Marekani. Kisha akaandika sentensi moja chini ya karatasi, "The lights went off and the alarm went off", akaniambia niitafsiri. Taa zilizimika, kengele ikalia. Maneno ni yaleyale mawili, yamekaa hatua tano mbali, na maana zinapingana.

Makosa ya namna hii huanzia kwenye daftari. Mwanafunzi huandika "go off" upande wa kushoto, "kuzimika" upande wa kulia, akafunga hesabu. Kinachopaswa kuandikwa upande wa kushoto ni kifungu chenye kiima au yambwa yake, yaani kinachotendwa: "an alarm goes off", "milk goes off". Kikiandikwa kitupu hakina maana ya kukariri, kwa sababu chenyewe kina maana sita au saba na hakuna hata moja iliyo mama wa nyingine.

Nikamuuliza kama hakuna kamba inayoziunganisha. Akasema ipo, ila isinilevye. Kiswahili hugeuza tendo kwa mkia wa kitenzi: vaa ikawa vua, bandika ikawa bandua, tega ikawa tegua. Kiingereza mara nyingi hutenganisha mkia huo na kuufanya neno linalosimama peke yake, ndiyo maana "take off" ni kuvua na "peel off" ni kubandua. Ndani ya "off" kuna wazo la kitu kuachana na pale kiliposhikiliwa. Taa zinaachana na umeme. Mtego uliotegwa unafyatuka, na kengele ya moto ni mtego wa moshi. Nililipenda sana neno hilo fyatuka, hata likaniponza baadaye.

Maelezo ya aina hii yanasaidia kukumbuka ulichokwisha kujifunza. Hayasaidii kubashiri usichokijua. Ukishika kwamba "up" ni kumaliza kabisa, utaelewa "use up", kutumia mpaka kikaisha, na "eat up", kula ukamaliza. Ukifika kwenye "put up with", kuvumilia, nadharia yako inabaki mlangoni. Wapo walimu wanaofundisha mikia peke yake, leo "up", kesho "out". Binafsi sijaona mtu aliyefika mbali kwa njia hiyo.

Mzee alikuwa na mfano mzuri zaidi, na aliutoa katika Kiswahili chetu wenyewe. "Ukipiga simu, unaipiga kwa fimbo?" Kupiga pasi, kupiga mswaki, kupiga deki, kupiga kambi, kupiga marufuku, kupiga moyo konde. Hakuna anayepigwa. Kitenzi kimemwagwa kilichokuwamo, na mzigo wa maana umebebwa na neno linalofuata. Mgeni anayejifunza Kiswahili hapati lolote kwa kutafuta "piga" peke yake na "pasi" peke yake. Kwa hiyo ukiona "put", "get", "take", "turn", "go", "come", "make" au "set", zichukulie kama piga: vyombo vitupu. Ukidhani unakijua kitenzi kwa sababu ulikisoma mwaka wa kwanza, hapo ndipo unapoangukia.

Jina lenyewe la vitenzi hivi vyenye mkia, "phrasal verbs", si la kale. Logan Pearsall Smith alilieneza mwaka 1925, akaeleza kwamba alilipata kwa Henry Bradley, mhariri wa kamusi kuu ya Oxford. Vitenzi vyenyewe vilikuwa vikizungumzwa karne nyingi kabla hajatokea wa kuvipa jina.

Tukahamia sentensi ya pili, na hapo ndipo nilipojifunza sarufi ambayo orodha zangu za shuleni hazikuwahi kunionyesha. "Turned it off", kiwakilishi kiko katikati. "Looking into it", kiwakilishi kiko mwisho. Kwa nini? Kwa sababu "off" katika "turn off" ni kielezi, kinaweza kuachana na kitenzi. "Into" katika "look into" ni kihusishi, kimeshikana na kinachofuata. Yambwa ikiwa nomino, kitenzi cha kundi la kwanza kinakubali pande zote mbili: "turn off the alarm" au "turn the alarm off". Yambwa ikiwa kiwakilishi, ni lazima iingie katikati. "Turn off it" ni kosa linalosikika mara moja, hata kwa mtoto anayekua na Kiingereza. Na yambwa ikiwa ndefu, mathalani ukaguzi uliopangwa tangu mwezi wa tatu na wakubwa wawili, inabaki mwisho, maana ukiiweka katikati msikilizaji anachoka kusubiri mkia.

Kama hujui kitenzi ni cha kundi gani, jaribu kuchomeka neno la namna katikati. "Look carefully into the matter" inapita. "Turn quickly off the alarm" haipiti. Sikio nalo linasaidia: katika "turn it off" mkazo unaangukia "off", ila katika "look into it" mkazo unabaki juu ya "look". Vyenye mikia miwili, kama "put up with" na "look forward to", kwa kawaida havipasuki: yambwa hukaa mwisho. Na "to" ya hicho cha pili ni kihusishi, kwa hiyo kitenzi kinachofuata huchukua "-ing": "look forward to meeting", wala si "to meet". Kosa hilo limejaa kwenye barua za kuomba kazi.

Tafsiri sahihi ya "looking into it", basi, ilikuwa kuchunguza kulikoni. Mimi nilikuwa nimewafanya walinzi wachungulie ndani ya kengele.

Baada ya hapo alinipa kalamu nipigie mstari mwenyewe kila kitenzi chenye mkia na kila nahau katika ripoti nzima. Nilipata 14. Yeye alipata 23. Tisa zilizonipita ndizo hasa nilizozikosea, na hilo si sadfa. Sikuziona kwa sababu zilikuwa zinaeleweka, kwa namna isiyo sahihi.

"The inspection had been put off twice." Niliandika kwamba ukaguzi uliwekwa kando mara mbili. Inakaribia, lakini kilichowekwa kando huenda kimeachwa moja kwa moja. "Put off" hapa ni kuahirisha, kwa tarehe nyingine. Katika ripoti inayotafuta nani alaumiwe, tofauti hiyo ni kubwa.

"The contractor had cut corners." Niliandika mkandarasi alikata kona. Kwetu dereva ndiye anayekata kona, na hana kosa lolote. Kwa Kiingereza ni kulipua kazi: kuruka hatua au kupunguza vifaa ili uokoe muda au fedha. Kosa hili lina sumu kwa kuwa nahau ya Kiswahili yenye maneno yaleyale ipo tayari na inakuja mdomoni yenyewe. Chumvi nayo ni hivyohivyo. Anayetia chumvi anaongeza maneno. Anayepokea habari "with a pinch of salt" anaisikiliza bila kuiamini yote. Mmoja ni msemaji, mwingine ni msikilizaji, na ukiwachanganya umemgeuza mtu makini kuwa mzushi.

Iliyonifedhehesha kuliko zote ni hii: "A technician had blown the whistle in January." Niliandika fundi alipuliza kipenga mwezi wa Januari. Nahau hiyo maana yake ni kufichua uovu kwa wakubwa au hadharani. Ingekuwa kwenye taarifa ya benki, ningeshtuka: fundi, kipenga, benki? Lakini kwenye habari ya moto, kengele na walinzi, kipenga kinakaa vizuri mahali pake. Nahau iliyo ngeni kabisa haina hatari, inakusimamisha mwenyewe na kukupeleka kwenye kamusi. Ya kuogopwa ni ile ambayo maana yake ya juujuu inalingana na mazingira. Nikauliza basi mtu ataigunduaje. Mzee akanielekeza kwenye kitenzi kilichofuata, "the manager had played it down", meneja alilipunguzia uzito. Kulipunguzia uzito nini? Mlio wa kipenga? Sentensi inayofuata ndiyo kipimo. Maana uliyochagua ikishindwa kuibeba, umekosea nyuma.

"Put up with" niliipata, walinzi walivumilia kengele za uongo kwa wiki kadhaa. Ilikuwamo kwenye orodha ya shule.

Jinsi ya kutafuta katika kamusi nayo ni kazi ya kufundishwa. Kamusi za wanafunzi zinamdai sana A. S. Hornby, aliyefundisha Kiingereza Japani na kutoa kamusi yake huko mwaka 1942, ikionyesha jinsi kila kitenzi kinavyokaa na yambwa. Ukifungua kamusi za aina hiyo leo, usikimbilie maana. Tazama kwanza "sth" na "sb", alama za kitu na mtu, zimewekwa wapi. "Put sth off" ina kitu katikati, kwa hiyo inapasuka. "Look into sth" ina kitu mwisho, haipasuki. Ikiwa haina alama yoyote, kama "go off" ya kengele, ujue haihitaji yambwa. Ukitaka kutaja aliyesababisha, badili kitenzi: moshi "sets off" kengele, ndipo kengele "goes off".

Angalia pia inavyoandikwa. "Break down" ni maneno mawili ikiwa kitenzi, mkazo kwenye "down". "Breakdown" ni neno moja ikiwa nomino, na mkazo umehamia mbele.

Jioni hiyo nilianza kuandika kadi za kukariri, na kadi 23 zilitosha kuonyesha nilivyozoea kujifunza vibaya. Zamani ningepanga "put off", "put on", "put out", "put down" siku moja, kwa kuwa zinafanana. Ndiyo njia ya haraka ya kuzichanganya zote. Nilipanga kwa jinsi zilivyotokea kwenye ripoti, tano kwa siku, zisizidi. Upande wa mbele niliandika hali kwa Kiswahili: ukaguzi umesogezwa mpaka mwezi ujao. Upande wa nyuma sentensi nzima ya Kiingereza, na chini yake toleo lenye kiwakilishi: "They put it off." Toleo hilo la pili ndilo linalobana, kwani huwezi kulisema bila kujua kama kitenzi kinapasuka. Kadi niliipitia siku ya kwanza, ya tatu, ya saba, ya kumi na nne na ya thelathini. Niliyoikosa ilirudi siku ya kwanza bila huruma. Kwa nahau niliongeza mstari mmoja: je, inageuzika kuwa kauli ya kutendwa? "Corners were cut" inakubalika. "Kick the bucket" ni kufa, lakini "the bucket was kicked" haikubaliki, ndoo hapo imepigwa teke kweli na hakuna aliyekufa.

Asubuhi nilimpelekea tafsiri mpya. Walinzi walichunguza inavyopaswa, au tuseme hawakuchunguza, ukaguzi uliahirishwa, mkandarasi alilipua kazi, fundi alifichua, meneja akalipunguzia jambo uzito. Mzee alisoma mpaka mwisho bila kuinua kalamu, akarudi juu, sentensi ya kwanza, akakata neno moja. Nilikuwa nimeandika saa nane na dakika kumi usiku kengele ilifyatuka.

"Ililia," akasema, akiandika juu yake. "Mtego ndio hufyatuka."