Vile meza yangu ya magazeti bado imesimama

Watu huniuliza mbona bado nauza magazeti na kila mtu anasoma kwa simu. Mimi niko hapa Nairobi karibu na hoteli ya Ambassadeur tangu kabla M-Pesa haijakuja 2007, enzi hizo saa mbili asubuhi meza imeisha, naketi nakunywa chai.

Kilichonimaliza ni PDF. Mimi ndio nimetoka kuchukua mzigo alfajiri, gazeti zima tayari liko kwa magrupu ya WhatsApp, bure, hadi kurasa za vifo. Halafu 2020 Korona ikaingia, watu wakaogopa hata kugusa karatasi, na kafyu inaisha saa kumi na moja na mzigo mimi huchukua saa kumi, we hesabu tu. Nikabaki na wale wa kusoma vichwa vya habari wakiwa wamesimama, wanabishana siasa nusu saa mbele ya meza alafu wanaenda bila kununua hata Taifa Leo.

Sasa siku moja akaja karani wa wakili, jasho linamtoka. "Mzee, nisaidie, unalo la Jumanne iliyopita?" Nikamwambia, "Kijana wangu, hilo lishaenda kwa mama samaki, kwa kilo." Karibu alie. Kumbe kwa kesi za madai mtu akisakwa asipatikane, korti inaweza kuruhusu aitwe kwa tangazo la gazeti, na yeye alitakiwa apeleke ukurasa wenyewe, wenye tarehe, kama ushahidi.

Hapo ndio nikashtuka. Nikaanza kubakisha nakala mbili mbili za kila gazeti badala ya kurudisha, naandika tarehe juu kwa maka, nazifunga kamba, naweka chini ya ngazi za jengo fulani, soja namtoa kitu kidogo. La zamani bei ni mara tatu na hakuna anayelia. Wanakuja makarani, watu wa mnada, wa tenda, wote wanatafuta matangazo. Kuna mama alitaka tangazo la kifo cha babake, akasema la simu hawezi kulitia fremu. Habari yenyewe, tuseme ukweli, kwangu hainunuliwi sana.

Shida niliyonayo saa hii ni panya. Wamekula Machi karibu yote na kuna wakili ameagiza ya tarehe 12.