Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu la juma hili ni Luka 24:13–35, safari ya Emau. Ila nitaanzia London, Januari 1969, tena kwa Beatles, kundi la muziki la Waingereza. Msinishangae, mtaona ninakokwenda.

Wale vijana wanne wa Liverpool walikuwa wamechokana. Mwaka waliufungua kwa mazoezi katika studio za filamu za Twickenham, kwenye jumba la baridi, kamera zikiwatazama kutwa, na utani wao ukawa na miiba. Tarehe 10 George Harrison akaondoka kundini. Akabembelezwa, akarudi, kazi ikahamia chini ya jengo la ofisi yao, namba 3 Savile Row. Wakapatana, lakini kwa amani ya kushikiza tu.

Tarehe 22 akaingia Billy Preston, Mmarekani wa miaka 22, mtoto wa kanisani kabisa. Angali mdogo alishampigia kinanda Mahalia Jackson, mwimbaji wa nyimbo za injili. Yeye na Beatles walifahamiana tangu 1962 huko Hamburg, Ujerumani, alipokuwa amefuatana na mwanamuziki Little Richard. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe siku ileile: wakamketisha kwenye piano ya umeme, akaanza kupiga.

Hewa ya chumba ikabadilika. George mwenyewe alikuja kueleza kwamba watu hujiheshimu ukiwaletea mgeni, kwa sababu hawapendi aujue ubaya wao. Siku nane baadaye wakapanda juu ya paa la jengo lile na mgeni wao, wakapiga muziki dakika 42, mpaka polisi wakapanda kwa malalamiko ya kelele. Upepo ulikuwa mkali. Ringo, mpiga ngoma wao, alivaa koti jekundu la mkewe, na mwenzake John koti la manyoya la Yoko, mpenzi wake. Hawakupiga tena pamoja mbele ya watu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii naifahamu kwa mwili wangu. Kwaya yetu iliwahi kugombana kwa ajili ya sare (naam, sare, rangi ya kitenge!), tukawa tunaimba sauti nne na mioyo kumi na minane. Akaja mpiga kinanda wa usharika mwingine kutusaidia Jumamosi mbili. Ghafla kila mtu anafika saa kumi kamili. Mama mmoja ambaye hatukuwa tunasemezana alinisogezea daftari lake la nyimbo, akaniwekea kidole kwenye mstari: "Tuko hapa, kaka." Mgeni akaondoka. Jumamosi ya tatu daftari lilikuwa limerudi mapajani mwake.

Na Beatles vilevile. John alitaka Preston awe mwanakikundi wa kudumu. Paul, mwenzao mwingine, akaona wanne tu ni kazi tosha. Aprili 1970 ulimwengu ukasikia kwamba kundi limevunjika.

Sasa twendeni Emau. Wanafunzi wawili wa Yesu wako njiani, wana huzuni, wanabishana juu ya mambo yaliyotukia Yerusalemu. Mgeni anaungana nao, na mioyo inaanza kuwaka. Wanafika kijijini, naye anafanya kama anataka kuendelea mbele. Hapa ndipo ninapokaa juma zima. Wangeweza kumwambia safari njema. Badala yake wakamshawishi: "Kaa pamoja nasi, kwa kuwa kumekuchwa, na mchana unakwisha."

Akaingia. Halafu tazameni mezani: anayetwaa mkate ni nani? Kwetu mgeni hagusi sufuria. Hunawishwa mikono na kupakuliwa. Huyu akautwaa mkate, akabariki, akaumega, akawapa. Amekaribishwa kama mgeni, sasa anagawa chakula kama mwenye nyumba, na saa hiyohiyo macho yao yakafumbuliwa, wakamtambua kuwa ni Yesu.

Mimi nimemweka Yesu sebuleni miaka mingi. Namtolea vikombe vya kabatini, nasema naye kwa sauti ya Jumapili. Jikoni, kwenye masufuria meusi na maneno niliyomwambia yule mama siku ya sare, sijamfungulia mlango.

Jumamosi hii mazoezi ni saa kumi, na hakuna mgeni anayekuja. Nitakwenda mapema nikae kiti cha jirani na yule mama. Daftari langu nitaliacha nyumbani makusudi. Niombeeni.