Mpaka ulipita nyuma ya choo cha walimu

Jumatatu iliyopita nimejaza tena fomu ya walimu ya madai yasiyo ya mshahara, nikidai fedha ya uhamisho. Hii ni ya tano. Nimetumia kalamu ya bluu kama tulivyoelekezwa, nikaambatisha barua ya uhamisho, kopi za tiketi za basi (zenyewe wino umefifia, zimebaki karatasi nyeupe) na orodha ya mizigo niliyohama nayo: kitanda, meza, ndoo tatu, masufuria. Chini kuna sehemu ya wategemezi. Kitinda mimba wangu pale ameandikwa ana miaka miwili. Mwaka huu yuko kidato cha kwanza na ananizidi urefu.

Nilipohamishwa, halmashauri yetu ilikuwa moja. Sitaitaja jina, maana huku Mtwara zilizokatwa ni zaidi ya moja na baadhi ya waliohusika bado tunasalimiana nao dukani. Barua yangu ilipitishwa, fedha ikaidhinishwa, nikaambiwa nisubiri fungu. Nikiwa nasubiri, halmashauri ikagawanywa.

Sisi watu wa Kusini kukatwa tumeshakuzoea. Hadi 1971 Lindi na Mtwara ulikuwa mkoa mmoja. Newala ikazaa Tandahimba mwaka 1995, Masasi ikazaa Nanyumbu 2007, na 2015 Nanyamba ikatoka Mtwara Vijijini ikawa halmashauri ya mji. Marehemu bibi yangu alikuwa akiulizwa wilaya yake anajibu, "Ya zamani au ya mwaka huu?"

Nami sipingi kugawanya. Aliyewahi kufuata kusahihishiwa jina makao makuu ya zamani hawezi kupinga. Ulikuwa unatoka kijijini saa kumi alfajiri kwa bodaboda, unasubiri gari barabara kubwa, unafika ofisini saa tano, unaambiwa mhusika yuko semina. Unalala kwa wifi yako. Kesho yake mhusika anafika, anakuuliza umeleta kopi. Siku mbili darasa la kwanza langu limekaa bila mwalimu kwa sababu ya herufi moja. Leo makao makuu mapya ni dakika arobaini kwa bodaboda, na nikitoka saa nane mchana baada ya vipindi namkuta mtu.

Mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika chini ya mwembe wa ofisi ya mtendaji. Tulielezwa njia yote: maoni yakitoka hapa yatakwenda kamati ya maendeleo ya kata, kisha baraza la madiwani, kikao cha ushauri cha wilaya, cha mkoa, ndipo yafike TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Mzee mmoja akauliza, "Fedha zitaongezeka?" Akajibiwa kwamba huduma zitasogea. Tukapiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga. Hakuna aliyeuliza kuhusu shule, hata sisi walimu tuliokaa mstari wa mbele kwenye madawati yetu wenyewe yaliyoazimwa.

Mpaka ukaja kupita nyuma ya choo cha walimu. Si mzaha. Kuna njia ya miguu inayoshuka kwenda kijiji cha jirani, na njia hiyo ndiyo mstari. Madarasa yetu yakawa halmashauri mpya, na wanafunzi kama mia moja na arobaini kati ya mia sita thelathini na nane wanalala halmashauri ya zamani, wanaamka, wanavuka njia, wanakuja kusoma.

Kwa fedha za serikali kuu mstari ule hauna maana yoyote. Mshahara wangu unatoka Hazina, na cheki namba zetu zilihamishwa kwenye mfumo bila mshahara kukatika hata mwezi mmoja. Hapo niwape haki yao. Ruzuku nayo inafuata vichwa. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, shule ya msingi inahesabiwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndizo zinazokuja shuleni, yaani shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Kwetu ni 319,000 kwa mwezi zikija zote. Hapo ndani kuna chaki, karatasi za majaribio, kitasa kilichovunjwa na mbuzi (ndiyo, mbuzi), daftari za maandalio, na nauli ya mwalimu mkuu kupeleka taarifa. Posho yake ya madaraka ya 200,000 ni mbali na hiyo, na mara kadhaa nimemwona akichomoa humo kununua rimu.

Mstari ulipouma ni kwenye mapato ya ndani. Huku mapato ya ndani maana yake korosho. Halmashauri inachukua ushuru wa asilimia 3 ya bei ya mkulima, na ushuru unafuata mahali zao lilikotoka. Basi chukua njia yetu ile ya miguu. Upande ule kuna mikorosho ya wazee, minene, inayopuliziwa salfa kwa wakati, na ghala la chama cha msingi, ule ushirika ambao wakulima wanauzia korosho zao, liko kule kule. Upande wetu kuna mikorosho pia, lakini mingi imezeeka na mashamba yamegawanywa kwa wajukuu mpaka mtu anarithi miti kumi na mmoja. Mgawanyo wa mali na madeni uliandikwa vizuri kwenye makaratasi. Niliambiwa na aliyekuwa kwenye kikao kwamba Land Cruiser moja mbovu iligombaniwa mchana kutwa. Mikorosho haikugombaniwa. Ilibaki pale pale ilipoota.

Matokeo yake unayaona ukisimama kwenye uwanja wetu wa mpira. Kabla ya kukatwa, vijiji vyote viwili vilianza kujenga kwa nguvu za wananchi, kila kimoja madarasa mawili. Wananchi wanafyatua tofali na kuinua boma, halmashauri inaezeka; ndiyo makubaliano ya siku zote. Boma la wenzetu lilipata bati msimu wa pili tu. Letu bado ni boma. Mvua imekula tofali za juu, na mle ndani umeota mpapai ambao umeshazaa mara mbili. Watoto wangu wa darasa la kwanza, tisini na saba kwa hesabu ya leo asubuhi, wanasoma kwa zamu kwenye chumba kimoja, wakati mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 45. Wale mia na arobaini wanaovuka njia wangeweza kusoma kule kwenye bati jipya, lakini shule ile iko mbali nao kuliko sisi, halafu mama zao walisoma hapa.

Jambo jingine ambalo hatukuliwaza chini ya mwembe: halmashauri mpya inazaliwa haina watu. Ina mkurugenzi, ina mhuri, haina wa kukaa mezani. Wanawatoa wapi? Mashuleni. Mwalimu wetu wa hisabati wa darasa la sita na la saba aliitwa "kwa muda" kukaimu ofisini, akakaa huko miaka. Mwingine akapelekwa masijala. Siwalaumu wao, mtu akipata kiti chenye feni atarudije kwenye vumbi la chaki? Lakini tulianza tisa tukabaki saba, na hisabati ya darasa la saba nikaibeba mimi niliyezoea kufundisha "a e i o u".

Kuhusu madai yangu, nilikwenda halmashauri mpya. Wakasema deni hili lilizaliwa kabla hatujawepo, lifuate kule. Nikaenda kule. Kule wakasema mtumishi amehama pamoja na kituo chake, na madeni yake yamehama naye, wakanionyesha orodha. Jina langu halikuwemo. Nikarudi upande mpya kuuliza kama orodha yao inalo. Halikuwemo. Kijana wa masijala, mpole kweli, akatafuta jalada langu nusu saa nzima, akalikuta, lakini karatasi ya mwisho mle ndani ilikuwa ya mwaka mmoja kabla ya uhamisho wangu. Kwa mujibu wa jalada, mimi bado nafundisha shule ya kwanza. Nikamwambia, "Mwanangu, basi nilipe pango la nyumba ya kule." Alicheka, nami nikacheka, ndiyo yakaishia hapo. Tangu siku hiyo kila uhakiki wa madai unapotangazwa najaza fomu.

Watu wakisikia mwalimu analalamikia mshahara wanasema mmeongezewa. Ni kweli. Mei Mosi 2025 pale Singida Rais alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai. Kijijini habari ilifika kwa namna yake. Mwenye duka alinipokea kwa "Hongera Mwalimu, laki na thelathini!" na jioni ile ile akanidai sukari ya miezi miwili. Ile laki na thelathini ni ya aliye chini kabisa. Sisi wa katikati tulipata chetu kidogo, na kabla hakijafika mkononi kinapita kwenye asilimia 5 ya pensheni, 3 ya bima ya afya, 2 ya chama cha walimu. Nina wenzangu wawili ambao kadi zao za benki zinakaa kwa wakopeshaji wa kausha damu, mwisho wa mwezi wanasindikizwa mpaka kwenye mashine kama watuhumiwa. Ningelipwa uhamisho wangu ule kwa wakati, nami nisingeijua nyumba ya mkopeshaji. Naijua. Ina geti la kijani.

Sasa nifike kwenye kikao cha wazazi cha mwezi uliopita, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Ada hatutozi, lakini uji, mlinzi na maji ruzuku haiviwezi. Maji hasa. Tuko juu ya uwanda wa Makonde, na tangi letu la kuvunia mvua likikauka Septemba tunanunua kwa dumu. Mkutano wa kijiji ulishakubaliana kwamba msimu ukianza, chama cha msingi kikate shilingi 20 kwa kila kilo ya mzazi, zije shuleni. Wazazi wa upande wetu hawakuwa na neno. Ndipo akasimama baba mmoja wa ng'ambo ya njia, mwenye watoto watatu kwetu, mmoja wao yuko darasani kwangu.

"Shikamooni wazee. Mwalimu mkuu, mimi chama changu kiko kule. Na kule wameshanikata, za shule yao. Sasa mimi nakatwa kwa ajili ya shule ambayo mwanangu hasomi, na shule anayosoma siwezi kukatwa."

Kimya. Mwenyekiti wa kamati ya shule akapendekeza alete korosho zenyewe, kilo ishirini hivi, shule iziuze. Mtendaji aliruka kama aliyekanyaga msumari: korosho ikivuka njia nje ya chama hiyo ni kangomba, biashara haramu, mtamfungisha mwenzenu! Mwingine akasema ziandikwe kwa jina la shemeji yake wa upande huu. Mtendaji akasema hilo hakulisikia. Wakabishana mpaka kivuli cha boma kikatufikia miguuni, na yule baba amesimama tu, kofia mkononi, kama mshitakiwa.

Mwisho akasema yeye nyumbani ana kisima cha kuvunia maji, babake alikichimba, hakikauki mapema. "Nitaleta maji. Madumu manne kila Ijumaa. Maji hayana chama cha msingi."

Mwalimu mkuu akanitazama niandike. Daftari letu la michango lina safu ya jina, kijiji, chama cha msingi, kilo na kiasi. Nikaandika jina na kijiji. Kwenye kilo nikaandika "madumu 4". Safu ya chama nikaiacha wazi.

Ijumaa ya kwanza alifika kabla ya kengele, anasukuma baiskeli, na madumu yalikuwa matano. Moja halikuwa na kizibo. Alikuwa ameliziba kwa gunzi la muhindi.