Nilivyodai fidia baada ya kuangushwa na basi

Kuumia ndani ya basi peke yake hakumpi mtu fidia. Wakili aliniambia hivyo mkono ukiwa bado kwenye plasta, na sikufurahi kulisikia. Basi hutikisika, hufunga breki, abiria huyumba. Sheria huyahesabu hayo kuwa mambo ya kawaida ya safari. Mdai ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba dereva au mwenye basi alifanya kitu ambacho dereva makini asingefanya. Kwangu kilikuwa kimoja tu: basi liliondoka mlango ukiwa wazi, mguu wangu mmoja uko kwenye ngazi na mwingine haujagusa chini. Nikaangukia mkono wa kulia, kifundo kikavunjika.

Basi lenyewe lilikuwa la mamlaka ya umma, na hapo ndipo penye mtego. Wengi hudhani wana miaka kadhaa ya kufungua kesi. Lakini ukikidai chombo cha umma, mara nyingi sheria hutaka kwanza ukipelekee notisi ya maandishi, na muda wake ni mfupi: New York siku 90, California miezi 6. Ukichelewa, madai mazuri kabisa yanaweza kutupwa bila kusikilizwa. Notisi yangu ilikuwa ya ukurasa mmoja: tarehe, saa, kituo, namba iliyoandikwa ubavuni mwa basi, jeraha, na kwamba nawadai wao. Mwajiri hubeba uzembe wa mfanyakazi wake akiwa kazini. Dereva, kusema kweli, sikuwa na ugomvi naye. Kwa ratiba ile, nani asingekimbizana na muda?

Barua iliyonihangaisha zaidi ni ya picha za kamera. Kamera za ndani ya mabasi hurekodi juu ya picha za zamani, kwa hiyo nilidai mapema wazihifadhi, nikataja dakika zenyewe, nikabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri ule ulinifaa sana, maana baadaye walisema hawakuwahi kuombwa.

Cheti cha daktari nacho kilisema nimeanguka, hakuna zaidi. Basi halikutajwa popote. Nilirudi kumwomba aongeze maelezo niliyompa tangu mwanzo, kwamba nilikuwa nashuka na basi likaondoka.

Utetezi wao ulikuwa kwamba nilishuka huku nikitazama simu. Katika nchi nyingi hoja ya namna hiyo haifuti madai, hupunguza fidia kwa kadiri abiria alivyochangia ajali. Picha zilionyesha mkono mmoja umeshika bomba la mlangoni, mwingine umebeba mfuko. Simu hawakuitaja tena.

Mtu wa bima alinitafuta mapema, ana hundi na fomu. Fomu ilisema madai yangu yote, ya sasa na yajayo, yamekwisha. Vidole vilikuwa bado havifungi ngumi! Nilikataa kusaini mpaka mazoezi ya viungo yaishe na daktari aandike kitakachobaki. Kilichobaki ni kifundo kisichokunja sawasawa, na kwa fundi cherehani kama mimi hilo si dogo. Tulimalizana nje ya mahakama: matibabu, kipato nilichokosa, na maumivu. Viwili vya kwanza vilikuwa na stakabadhi. Maumivu hayana, na ndiyo tuliyobishania kuliko yote.