Hedifoni za wazi kwa mwenye miwani na rasta: nilivyozipata besi zangu

Watu wengi ninaowajua wakinunua hedifoni za wazi za bei kubwa wanaziweka kichwani dakika mbili, wanasikia besi imepungua, basi hapohapo wanaanza kuulizia amplifaya, mara waya wa fedha, mara sijui adapta gani, na hakuna hata mmoja anayepitisha kidole pembeni ya sikio kuangalia kama mto wa hedifoni umekaa vizuri kwenye ngozi. Mi nimetumia muda mrefu sana kwenye hiyo sehemu ndogo kati ya mto na ngozi na nataka kueleza nilichofanya, maana nina kila kitu kinachoweza kupitisha hewa pale: navaa miwani kutwa nzima, nasuka rasta karibu mwaka mzima, na uso wangu ni mwembamba.

Zangu ni Sennheiser HD 650, kaka yangu aliniletea kutoka Ujerumani, zimeshatumika na mtu kabla. Kwa asiyezijua hizi za wazi, nyuma ya spika hazina kifuniko kigumu, kuna wavu tu, kwa hiyo sauti inatoka nje na kelele za nje zinaingia. Hawahawa Sennheiser ndo waliingiza sokoni za kwanza za namna hii mwaka 1968, HD 414, zile watu wanazozikumbuka kwa sponji zake za njano. HD 650 zilitoka 2003 na mpaka leo watu wanazitafuta kwa sababu ya sauti za waimbaji, yaani ukisikiliza taarab asilia unasikia mwimbaji anavyovuta pumzi, unasikia risha ya mpiga kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi) inavyogusa uzi kabla sauti yenyewe haijatoka. Kile kitu ndo kilinifanya nisikate tamaa.

Sasa kuna jambo moja lazima lieleweke ndo mengine yote yatakaa sawa. Kuitwa za wazi maana yake ziko wazi kwa nyuma. Kwa mbele, ile nafasi kati ya spika na sikio lako inatakiwa ifungwe na mto, na masafa ya chini, yaani besi, yanategemea sana hapo, hewa ikipata upenyo wa kutokea pembeni besi inaondoka nayo. Sauti za kati na za juu zinabaki vilevile kwa hiyo we unasikia muziki umekuwa mwembamba, mkali, na unadhani ndo hedifoni zilivyo. Namna rahisi ya kujua ni kupiga wimbo wenye besi, halafu unakandamiza hedifoni pande zote mbili kwa viganja, taratibu tu, bila kuziba ule wavu wa nyuma. Besi ikiongezeka ghafla, unajua kuna mahali panavuja. Zangu ziliongezeka sana.

Kujua panapovuja ni wapi ndo kulikuwa na kazi. Nilichotumia ni rekodi za zamani za muziki wa dansi, zile za Radio Tanzania za miaka ya 70 ambazo nyingi ni mono, yaani kinachoingia sikio la kushoto ndo hichohicho kinachoingia la kulia, kwa hiyo kila kitu kinatakiwa kikae katikati ya kichwa, mwimbaji, gitaa la solo, besi, vyote. Kwangu mwimbaji alikaa katikati vizuri tu lakini gitaa la besi lilikuwa limeegemea kulia. Hapo nikazigeuza hedifoni, upande wa kushoto nikauvaa kulia na wa kulia kushoto (HD 650 unaweza kuzivaa hivyo bila shida), nikarudia wimbo uleule. Besi ikabaki kulia vilevile. Maana yake hedifoni ni nzima, tatizo liko kwenye kichwa changu upande wa kushoto, kama besi ingehamia kushoto ningejua ni spika. Hiki kipimo nampa kila mtu sasa, hakina gharama yoyote na kinaokoa hela ya fundi.

Kushoto kulikuwa na nini? Kwanza miwani. Nilikuwa na zile fremu nene za plastiki, mkono wake ulikuwa mpana na unapinda kwenda nyuma ya sikio, na pale mto unapopita juu ya mkono wa miwani kunabaki upenyo wa pembetatu mbele na nyuma ya plastiki, ukipitisha ncha ya kidole unauhisi kabisa. Nilijaribu kuinua mikono ya miwani kidogo ikae juu zaidi, karibu na nywele, ikasaidia nusu. Nilipobadilisha miwani kwa sababu ya macho nikamwambia fundi wa miwani nataka mikono ya chuma myembamba kabisa iliyonyooka, akanitafutia yenye kijiti kama waya, na akanirekebishia pale kwenye bawaba ya kushoto maana sikio langu moja liko juu kidogo kuliko lingine na miwani ilikuwa inabana upande mmoja. Tofauti niliisikia siku hiyohiyo nilipofika nyumbani. Wewe unayesikiliza tu bila kusoma kitu, vua miwani, imeisha hiyo.

Pili nywele, na hapa sijaona mtu anaeleza kwa hiyo ngoja niende polepole. Rasta zikiwa zimeachwa zianguke pembeni, zile mbili tatu za mbele ya sikio zinapita chini ya mto, na kila msuko ni kama kamba, pembeni yake kuna mfereji wa hewa. Ukiwa umegawia nywele upande, kama mimi ninavyopenda kugawia kushoto, basi kushoto zinakuwa nyingi zaidi, na ndo maana besi ilikuwa inakimbilia kulia. Kuzifunga juu utosini nako kuna shida yake kwa sababu ule upinde wa hedifoni unakalia fundo, unanyanyuka, na mito inavutwa juu, chini ya ndewe panaachia. Kinachofanya kazi kwangu ni kuzirudisha zote nyuma na kuzifunga chini kabisa kisogoni, halafu navaa hedifoni nikianzia mbele, napitisha kidole kuzunguka mto mzima na kutoa kila msuko ulionaswa. Pia siku hizi nikienda kusuka namwambia msusi pale juu ya masikio aanze na misuko midogo inayolala, anielekezee nyuma. Ananishangaa lakini anafanya. Rafiki yangu anayevaa mtandio anatumia kitambaa chepesi cha tabaka moja na anakinyoosha kisiwe na mikunjo chini ya mto, anasema trebo, yaani sauti za juu, inapungua kidogo sana na besi ipo, nilipojaribu mwenyewe nikaona ni kweli, shida inakuja na mikunjo na pini.

Mbano. HD 650 zikiwa mpya zinabana, na huo mbano ndo unashikilia mto usivuje, kwa hiyo usiuondoe wote kwa sababu taya linauma siku za mwanzo. Zangu kwa kuwa zimetumika zilikuwa zimelegea, na kwa uso mwembamba kama wangu zilikuwa zinagusa juu tu, chini ya sikio kwenye kona ya taya hakuna kitu. Nilivuta zile reli za chuma pande zote mbili mpaka mwisho, nikashika chuma chenyewe, plastiki siigusi, nikakunja kwenda ndani kidogo mno, navaa, napima, nakunja tena kidogo. Mwenye uso mpana anakunja kwenda nje, au anaziacha usiku kucha zimevalishwa vitabu vilivyopangwa upana unaozidi kichwa chake kidogo. Ukimaliza hesabu mibofyo ya reli kila upande, lakini usishangae kichwa chako kikitaka bofyo moja zaidi upande mmoja, mimi kinataka.

Mito yenyewe ilikuwa imekwisha. Sponji ya ndani ilikuwa imelala, kitambaa kimekauka kwa mafuta ya nywele, na sikio langu lilikuwa linagusa ile sponji nyembamba inayofunika spika. Mto ukilala sikio linasogea karibu na spika na sauti inabadilika yote, si besi peke yake. Kuna muuzaji mmoja aliniuzia mito ya bei poa ya ngozi bandia, ikafunga hewa vizuri kweli, besi ikawa nyingi lakini ikavimba, waimbaji wakarudi nyuma kama wako chumba cha pili. Nikaitoa. Nikaagiza mito halisi ya kitambaa laini na nikasubiri mpaka mtu alipopata safari ya kuja. Kwa joto la Dar jasho na mafuta ya nazi ndo maadui wakubwa wa hii mito, kwa hiyo nafuta shingo na masikio kabla ya kuvaa na siku niliyopaka mafuta kichwani sizigusi kabisa.

Nilipotoa mito ya zamani nikakuta kitu kingine. Upande wa kulia kulikuwa na mlio kama krrr ukipiga toni ya chini, nilikuwa natumia programu ya simu inayotoa toni, ikifika kama 60 Hz (mitetemo 60 kwa sekunde, besi ya chini) inaanza kukwaruza. Watu wengi wangesema spika imepasuka. Chini ya ile sponji nyembamba kulikuwa na unywele mfupi mmoja, umelala juu ya utando wa spika, kila utando ukicheza unywele unagonga. Nikautoa na kibanio cha nyusi, nikishika ncha yake tu bila kugusa utando, nikarudisha sponji, mlio ukapotea. Kwa hiyo kabla hujasema spika imekufa, fungua uangalie, taa ya simu inatosha.

Kuna na suala la kusogeza mbele au nyuma. Besi ikishatulia, trebo inabadilika kulingana na sikio limekaa wapi ndani ya mto, masafa kuanzia kama 5000 Hz kwenda juu yanagonga mikunjo ya sikio na kila mtu ana mikunjo yake. Mimi nikizisogeza mbele kidogo, sikio likakaa karibu na ukuta wa nyuma wa mto, muziki unakuja mbele ya uso zaidi na sauti ya S haichomi. Sina fomula, ni kusogeza milimita mbili tatu huku unasikiliza fidla.

Ikwalaiza, yaani programu ya kupandisha na kushusha besi na trebo, niliiacha mpaka haya yote yamekwisha, na nina sababu. Mipangilio mingi unayoipata ya hedifoni hizi imetokana na vipimo vya kichwa bandia, na inalenga mstari wa Harman, yaani mchoro wa sauti ambayo wasikilizaji wengi wanaipenda, ambao utafiti wake uliongozwa na Sean Olive. Kichwa bandia hakina miwani, hakina rasta. Kama zako zinavuja kushoto, mipangilio hiyo inaongeza besi upande unaovuja na usiovuja sawasawa, na utabaki umeegemea kulia vilevile ila kwa sauti kubwa zaidi. Baada ya kuziba nikatumia programu za ikwalaiza, Equalizer APO kwenye laptopu na Wavelet kwenye simu, na nikaweka vichache tu: masafa ya chini ya 105 Hz nimeyainua kwa dB 5 (dB ni kipimo cha ukubwa wa sauti), pale 3000 Hz nimepunguza dB moja na nusu, na sauti ya jumla nimeishusha dB 5 na nusu ili isikatike kwenye vilele. HD 650 kwa asili yake besi ya chini kabisa inashuka, kwa hiyo hapo ikwalaiza inafanya kazi halali.

Hapo sasa ndo amplifaya inapata maana. Hizi ni za omu 300 (ukinzani wao wa umeme) na volti moja inazipa dB 103 hivi, adapta ndogo ya simu inayotoa karibu volti moja inatosha kwa muziki wa siku hizi uliorekodiwa kwa sauti kubwa, lakini ukishashusha dB tano na nusu kwa ajili ya ikwalaiza halafu rekodi yenyewe ni ya zamani na iko chini, unafika mwisho wa volyumu. Nikachukua amplifaya ndogo ya mezani, ya kawaida, na sijaitamani nyingine.

Pangaboi nalizima. Linafunika besi yote ya chini, na kwa hedifoni za wazi hakuna namna ya kulikwepa, ukipandisha sauti ili ulizidi unaumiza masikio, WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema mtu mzima asizidi dB 80 kwa saa 40 kwa wiki na ukishindana na feni unafika huko bila kujua. Natumia feni ya kusimama, naielekeza miguuni, mwendo wa chini.

Nilipokwenda Nairobi kwa rafiki yangu nikapata nafasi ya kusikiliza HD 800 S kwa muda, za 2016, zenye spika ya milimita 56 iliyokaa kwa pembe. Upana wa sauti sijawahi kusikia, akodiani unaweza kuionyesha kwa kidole iko wapi. Ila mito yake ni mikubwa mno kwa uso wangu, inapita mpaka chini ya taya na pale hakuna nyama ya kuizuia, nikiikandamiza kwa kidole kimoja hapo chini besi inarudi yote, nikiachia inaondoka, na reli zake nilishazifunga mpaka mwisho. Hapo sijapata dawa. Kama kuna mwenye uso mwembamba na miwani aliyeziweza hizo, naomba anieleze pale chini ya taya alifanyaje.