Nilivyojiandaa kwa Usaili wa Rubani Msaidizi

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikirusha Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kati ya Dar es Salaam, Zanzibar, Mafia na viwanja vya vumbi vya hifadhini, nikiwa rubani pekee mbele na watalii nyuma yangu. Shirika moja lilipotangaza nafasi za marubani wasaidizi wa ndege za mapangaboi zenye injini mbili, masharti ya karatasi nilikuwa nayo: leseni ya urubani wa biashara, cheti cha afya cha daraja la kwanza kisichoisha muda, na Kiingereza cha kiwango cha 4 au zaidi kama linavyotaka Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Nilichopungukiwa ni mazoea ya kuendesha ndege watu wawili, na huko ndiko nilikoelekeza sehemu kubwa ya maandalizi yangu.

Nilianza hata hivyo na kitabu cha saa za kuruka, kwa kuwa ndicho hati ambayo jopo huifungua ukiwa umekaa mbele yao. Nilijumlisha upya kila ukurasa, nikatenganisha saa za mchana na za usiku, kisha nikasimama kwenye kila safari iliyotoka nje ya kawaida na kujikumbusha sababu yake. Siku ya usaili kapteni mmoja alifungua kurasa za katikati, akaweka kidole kwenye mstari wa safari ya Mafia kwenda Dar es Salaam, akataka kujua kwa nini pameandikwa dakika hamsini ilhali kwa Caravan njia ile ni kama nusu saa. Nilimweleza kwamba ilikuwa Aprili, masika yamekolea, wingu la radi lilikuwa limetanda kutoka delta ya Rufiji hadi pwani, nikalizunguka kwa upande wa bahari, na kwamba kabla ya kukata kona nilikuwa nimeshapiga hesabu ya mafuta ya kurudi Mafia endapo njia ingeziba. Alitikisa kichwa kukubali, akafunua ukurasa mwingine.

Kwa upande wa ufundi nilisoma vitabu vilevile vya mitihani ya leseni, ila kwa kuchagua. Nilikazia mambo ambayo Caravan haikunidai. Mwenye injini moja hana haja ya kasi ya uamuzi iitwayo V1, ambayo ukishaipita huahirishi tena kupaa, kwa sababu injini ikifa punde baada ya kuacha ardhi, anatafuta pa kutua mbele yake. Mwenye injini mbili akishapita V1 anaendelea kupaa kwa ile iliyobaki. Nilijifunza pia jinsi majani ya pangaboi la injini iliyokufa yanavyogeuzwa kukata upepo ili lisiiburute ndege, na kwa nini kuna kasi ambayo chini yake usukani wa mkia hauwezi tena kuinyoosha ndege.

Hesabu za kichwani nilizifanyia mazoezi ndani ya daladala. Jopo liliniuliza kuhusu uwanja wa Arusha, ulio futi 4,550 juu ya usawa wa bahari: kukiwa na nyuzi 28, injini itajiona iko kwenye kimo gani? Joto la kawaida huhesabiwa kuwa nyuzi 15 usawa wa bahari na hushuka takriban nyuzi 2 kwa kila futi 1,000, kwa hiyo pale lingetarajiwa kuwa nyuzi 6. Tofauti ni nyuzi 22. Ukizidisha kwa futi 120 kwa kila nyuzi unapata 2,640, na ukijumlisha na kimo cha uwanja unakaribia futi 7,200. Waliongeza la kushuka kutoka futi 20,000 kuja Dar es Salaam. Maelfu ya futi mara tatu ni maili 60 za baharini, ndio umbali wa kuanzia kushuka, na kwa mwendo wa noti 300 (maili 300 za baharini kwa saa) unazidisha kwa tano, yaani unashuka futi 1,500 kwa dakika. Ninaamini hawakujali sana kama ningekosea kwa futi mia moja. Walitaka kusikia njia niliyopita, na anayekokotoa kimyakimya huwa hawasaidii kumpima.

Suala lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni uhusiano wa rubani msaidizi na kapteni wake. Nilisoma ripoti za ajali mbili kwa makini. Ya kwanza ni ya Tenerife, kisiwa cha Hispania, Machi 1977, ambako ndege mbili za Boeing 747 ziligongana katika ukungu na watu 583 wakafa. Mhandisi wa ndege ya KLM ya Uholanzi, iliyokuwa imeanza kukimbia ili ipae, aliuliza kama ile ya Pan Am ya Marekani haijatoka njiani, kapteni akajibu kwa mkazo kwamba imetoka, na swali likaishia hapo. Ya pili ilitugusa jirani zaidi: Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliyoanguka Mei 2007 baada ya kupaa usiku kutoka Douala, Kamerun, ikiwa na watu 114. Mtambo wa kujiendesha ulikuwa haujashika, ndege ikawa inalala upande wa kulia taratibu bila kutambuliwa, na wachunguzi walitaja pia udhaifu wa ushirikiano kati ya marubani wawili.

Sisi tumelelewa kutomkatiza mkubwa anapozungumza. Maneno ya kumwonya kapteni husemwa kwa Kiingereza, lakini aibu inayoyazuia yasitoke ni ya nyumbani. Kwa hiyo nilimwomba rafiki yangu, rubani mwenzangu, awe ananikalia kama kapteni mkaidi jioni baada ya kazi. Viti viwili vya plastiki barazani vilitutosha. Yeye hutangaza kwamba tuko futi 800, ndani ya wingu, tunateremka kwa futi 1,400 kwa dakika na kasi imezidi. Mimi hutakiwa kwanza kutaja namba ninazoziona, kisha, asipozirekebisha, kuagiza tughairi kutua, na mwisho, asiposikia, kuchukua usukani huku nikisema waziwazi kwamba nimeuchukua. Mwanzoni sauti ilikuwa inatoka kama ya mtu anayeomba ruhusa. Tulirudia mpaka ikakaa sawa.

Swali lilikuja karibu vilevile. Aliyeuliza alikuwa mzee wa jopo, ambaye nilimwamkia shikamoo nilipoingia.

“Mimi ndiye kapteni wako, na umri wangu ni wa baba yako. Utaniambia hayo?”

“Ndiyo, mzee, nitakwambia. Na tukishafika chini salama nitakuamkia kama kawaida.”

Alicheka kidogo, na mwenzake akaandika kitu.

Kwenye simuleta, mtambo wa kuigiza urushaji wa ndege, walinizimia injini ya kushoto mara tu baada ya V1. Nilikanyaga pedali ya kulia, nikaiacha ndege ipande bila kugusa kingine hadi futi 400, ndipo nikamwomba mwenzangu athibitishe ni injini ipi na asome orodha ya hatua. Uendeshaji wangu haukuwa laini. Mstari wa njia nilikuwa nikiukata huku na huku. Hata hivyo nilikuwa nasema kila nilichokusudia kufanya kabla ya kukifanya, na mwenzangu alikuwa na kazi mkononi wakati wote.

Waliponipa nafasi ya kuuliza, niliuliza mambo ya mkataba: nani analipia mafunzo ya aina ya ndege utakayorusha, mwajiriwa anafungwa kwa muda gani akishafundishwa, na anadaiwa nini akiondoka mapema. Wapo wanaoona aibu kugusa fedha mbele ya jopo, lakini waliyajibu yote bila kukunja uso. Barua ilipokuja, vifungu hivyo vilikuwa vimeandikwa kama walivyosema, nami nikatia saini.