Ndizi za mama, magunia yetu

Mama amefika kutoka Rungwe na kosta ya Kyela, kiti cha mbele, mkungu wa ndizi miguuni. Hata chai hajamaliza, akauliza yale magunia ya mahindi yanafanya nini chumbani kwetu. Nikamwambia, mama, stoo ina panya na dirisha lake halifungi vizuri. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kwa hiyo wewe na mumeo mnalala na chakula!"

Tunalala nacho, ndiyo. Mwezi wa sita hapa Uyole, Mbeya, baridi na mahindi vinakuja pamoja. Ukitoka asubuhi kufungulia kuku, umande unakata miguu. Watoto wanagombania nafasi karibu na jiko wakisubiri maji ya kuoga, na huyu kitinda mimba amevalishwa sweta juu ya sweta mpaka mikono haikunjiki. Shule zimefungwa, kwa hiyo nguvukazi ipo. Turubai halijatoka uani tangu kirikuu ishushe mahindi, na nyumba nzima ina vumbi jekundu na pumba, hata kwenye kurasa za Biblia yangu nimekuta pumba.

Mashine ya kupukuchua ipo, inakodishwa mtaani, na mahindi mengi tumeyapitisha huko. Ila yale ya kula wenyewe tunapukuchua kwa mkono. Mashine inavunja punje, na punje iliyovunjika ndiyo mlango wa mdudu. Kwa mkono unang'oa mistari miwili mitatu kwa bisibisi, halafu unasugua hindi kwa gunzi, punje zinaachia zenyewe na kudondoka kwenye beseni. Ukifanya hivyo jioni nzima kidole gumba kinachubuka. Binti yangu mkubwa amefunga kitambaa kwenye chake na anafanya kazi kwa makusudi polepole, nami najifanya sioni. Magunzi hatutupi. Yanachemsha maji ya kuoga ya watu sita na mgeni wetu, mkaa ukabaki kwa ajili ya maharage.

Niseme kitu hapa. Kila semina ya akina mama niliyowahi kuhudhuria, mwalimu anatuambia tutenge saa ya utulivu alfajiri, peke yetu, kabla nyumba haijaamka. Ni neno zuri. Lakini aliyelitunga hakuwa na mtoto anayeamka dakika ileile unayokanyaga sakafu. Mimi maombi yangu ya mwezi huu nimeyafanya kwenye turubai, mikono ikisugua, mama akianzisha wimbo kwa Kinyakyusa, watoto wakiitikia maneno wanayoyajua nusu. Baba watoto hasemi mengi, anafunga magunia. Nikiwataja mmoja mmoja moyoni, wote nawaona mbele yangu, sihitaji kukumbuka jina la mtu.

Mama ni Mmoraviani wa kulekule Rungwe, ambako wamisionari walianza kazi mwaka 1891, na anautaja mwaka huo kana kwamba yeye ndiye aliyewapokea. Amekulia kwenye migomba na mimi nimekulia humohumo. Asiyefika Tukuyu hawezi kuelewa ile mvua. Inanyesha karibu mwaka mzima, udongo ni wa volkano, na mgomba ukiukata leo mtoto wake ameshasimama pembeni. Nyumbani kwetu sikuwahi kuona gunia la akiba. Mgeni akibisha hodi mama anachukua panga, anazunguka nyuma ya nyumba, anarudi na mkungu, na baada ya muda mbalaga, ndizi zetu za kupika, ipo mezani na maharage yake. Tulipokuwa tunasali "Utupe leo riziki yetu" mimi mtoto niliona ni maelezo tu ya namna watu wanavyoishi. Leo ni leo. Kesho iko shambani, imesimama wima, inakusubiri.

Halafu nikaolewa huku. Kosta inapanda toka Kiwira, inapita Isyonje, inateremkia Igawilo, si safari ya kumfanya mtu ahesabu amehama nchi, lakini nilifika kwa watu wa hesabu. Hapa mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba na kwisha Aprili au Mei. Ulichoingiza ndani mwezi wa sita ndicho kitakachokuvusha hadi mwezi wa sita mwingine. Mama mkwe, Mungu amlaze pema, alikuwa anapima unga wa ugali kwa kikombe chake cha bati chenye mkwaruzo ndani, na juu ya kile kipimo mtu hakuongeza. Asiyemjua angemwita mchoyo. Mwezi wa pili ulipofika, majirani walioula mwaka wao kwa furaha walikuja kwake na ndoo, naye aliwapa. Kile kikombe ninacho mpaka leo. Mama yangu akikiona jikoni anakisogeza kando na kumimina unga kwa mkono.

Basi juzi jioni kwenye turubai tukaanza mjadala, maana mama hapendi kukaa kimya na mikono ikiwa na kazi. Yeye alikuja na mana, kile chakula Mungu alichowashushia Waisraeli jangwani. Kutoka 16: waliohifadhi mpaka asubuhi walikuta imeingia mabuu na kunuka. "Mungu hataki akiba ya hofu," akasema, na akanitazama mimi, kisha magunia. Nikamjibu kwamba katika sura hiyohiyo siku ya sita waliambiwa waokote mara mbili, wakaweka mpaka asubuhi, na haikuoza. Tena Yusufu kule Misri alikusanya sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba, na hakuna aliyemwambia hana imani. Mama akatafakari kidogo. "Yusufu alikuwa na maghala ya Farao. Wewe una chumba cha kulala."

Watoto walicheka, tukaishia hapo. Lakini mimi sikuishia hapo. Nimeendelea na hilo jambo kichwani nikifua, nikichambua maharage, nikimpiga kitinda mimba mswaki. Kwa sababu mama ana hoja. Mtu anaweza kulala na magunia kumi na bado akaamka saa nane usiku anahesabu. Namjua mtu huyo, ana kanga yangu na ndala zangu.

Andiko lililonisaidia si lile linalosomwa sana. "Utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa" tumelisikia kwenye kila kipaimara na kila send-off. Ninalipenda, ila nimeliona likitumiwa vibaya, likielekezwa kwa mtu ambaye mtoto wake yuko nyumbani kwa kukosa michango, ili anyamaze. Paulo aliposema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote, alikuwa mfungwa. Alikuwa na haki ya kusema. Mtu aliyeshiba akimwambia hivyo mwenye njaa, mimi naondoka kwenye hicho kikao.

Andiko ninalosema mimi liko Mithali 30, maneno ya Aguri bin Yake, mtu ambaye Biblia haimtaji tena popote. Anamwomba Mungu: "Usinipe umaskini wala utajiri, unilishe chakula kilicho kadiri yangu." Na anatoa sababu bila kujipamba. Akishiba sana atamkana Mungu, aseme BWANA ni nani. Akiwa maskini sana ataiba. Hajiamini upande wowote. Namheshimu kwa hilo. Wengi wetu tukiomba tunajiamini kabisa kwamba utajiri tutauweza, ni huo umaskini tu ndio unaotushinda.

Sasa kadiri yangu ni ipi? Hapo ndipo kikombe cha mama mkwe kinaporudi kazini. Watu sita, ugali mara moja kwa siku, mara mbili siku za shamba, kande Jumamosi, uji asubuhi. Nimeketi na daftari la zamani la binti yangu nikapiga hesabu ya debe kwa debe, nikaongeza la wageni kwa sababu nyumba isiyo na ya wageni si nyumba, nikaongeza la yule bibi wa nyuma yetu anayelea wajukuu peke yake. Ikatoka magunia saba. Tuna kumi na moja. Yaani kadiri yetu ipo humo chumbani, na juu yake kuna manne. Sijui kwa nini kuona ile namba kwenye karatasi kulinifanya nilale vizuri kuliko mahubiri mengi. Kabla ya hapo kila gunia lilikuwa linaonekana pungufu.

Kuna kundi la akina mama kwenye simu ambako watu wanatuma picha za majiko yao, vigae mpaka darini, kabati nyeupe, friji la milango miwili. Picha nzuri, naziangalia zote. Kisha naweka simu chini maana maharage yanaungua.

Mama nimemwonyesha tunavyohifadhi, na hapo ndipo aliponivulia kofia kidogo. Kwanza lazima mahindi yawe yamekauka kweli. Unachukua chupa ya soda iliyo kavu, unatia konzi ya mahindi na chumvi kavu kiasi, unaziba, unatikisa vizuri, unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Ikishuka yote chini bila kushika, yako tayari. Mama alitikisa ile chupa kwa muda mrefu kama mtu anayekoroga dawa, akaisogeza kwenye taa, akaigeuza. "Haijashika," akasema, taratibu, kwa sauti ya daktari. Baadaye nilimkuta anamfundisha mjukuu wa jirani.

Halafu inakuja ile mifuko ya tabaka tatu, miwili ya nailoni ndani na wa nje wa kawaida. Unajaza, unakandamiza hewa itoke, unasokota shingo ya mfuko wa kwanza na kuifunga, kisha wa pili, kisha wa nje. Mdudu aliyemo ndani anakosa hewa anakufa bila hata chembe ya dawa. Adui mkubwa ni dumuzi, ambaye watu wa huku wanamwita Skania, na anastahili jina. Si wa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kati, alionekana nchini kwanza upande wa Tabora, miaka ya 1970 ikielekea kwisha na ya 1980 ikianza. Akiingia kwenye gunia lisilofungwa vizuri anakuachia unga mweupe na maganda. Nilipomweleza mama hayo, akasema, "Si nilikwambia? Mabuu ya mana." Sikuwa na jibu, na nilikuwa na usokotaji wa kufanya.

Jumapili ijayo ni ya mavuno. Hiyo ni siku ninayoipenda kupita hata Krismasi, na sioni aibu kusema. Watu wanapanda madhabahuni na viazi, maboga, maharage ya njano, maparachichi, kuku waliofungwa miguu ambao hupiga kelele katikati ya sala. Baada ya ibada mnada unafanyika hapo nje. Mzee wa kanisa anashika boga na kulinadi kama ng'ombe. Mwaka jana kuna mkono mmoja wa ndizi uliuzwa, aliyenunua akaurudisha kanisani, ukauzwa tena, akatokea mwingine akaurudisha, mpaka ndizi zenyewe zikachoka. Watoto wangu walikuwa wamenunua yai moja kwa fedha zao za pipi, wakalibeba wote hadi nyumbani, likapasukia mlangoni. Ugomvi wa nani alilishika mwisho haujaisha.

Gunia moja katika yale manne ni la Jumapili. Hilo tulikubaliana bila neno. Mama naye katenga mkono mmoja kwenye mkungu aliokuja nao, ameuficha chini ya kitanda cha watoto ili usiliwe, na watoto wote wanajua ulipo.

Yaliyobaki ndiyo yana mjadala. Mnunuzi anapita Jumatatu, na bei ya sasa ni ya mavuno, kila mtu anajua, kila mtu anauza. Ukisubiri mpaka mwezi wa pili unapata zaidi. Baba watoto anataka tuuze yote matatu sasa tulipe ada ya mkubwa muhula huu, tusikae na deni. Mimi nataka tuuze mawili, moja libaki, na nimejiuliza kwa dhati kama ni busara ya mama mkwe inayosema au ni yule mtu wa saa nane usiku. Mama hakuulizwa lakini alijibu. Anasema tuuze yote, tupande migomba uani. Baba watoto alimweleza kwa heshima kwamba baridi ya hapa itaiua. Mama akasema, "Mmejaribu?"

Kesho anataka kuonyeshwa mahali penye jua. Nimemwambia kona ya nyuma ya banda la kuku, panapokinga upepo. Gunia la tatu tutaliongea Jumapili jioni baada ya mnada.